Maswali Sitini, Lushebere Mpaka Sake

Zéphyrin Nzabandora aliijua barabara ya kutoka Masisi mpaka Sake kuliko alivyowajua wakwe zake. Kila shimo alikuwa amelipa jina. Kulikuwa na Shimo la Mayai, ambapo mama mmoja alipoteza trei kumi na mbili kwa mruko mmoja. Kulikuwa na Kona ya Mgeni, ambapo bwana mmoja kutoka mjini aliomba ateremke, akaendelea kwa miguu mpaka Mushaki bila kuaga mtu. Na kulikuwa na Mteremko wa Maziwa, ambao hauhitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kubeba bidoni za maziwa bila vifuniko. Fuso lake la kijani lilipita pote hapo kila Jumanne na Ijumaa, limebeba maharagwe, viazi na jibini. Juu ya mizigo walikaa watu, na mapajani mwa watu walikaa kuku.

Kitu ambacho hakukijua kabisa ni katekisimu.

Dereva na katekisimu wapi na wapi, utauliza. Ngoja nikueleze, kwa sababu kosa lilianza zamani. Mkewe, Mapendo, alimpata kule Walikale, enzi ambazo Fuso lilikuwa bado linathubutu kufika huko. Mahari alitoa yote, mbuzi na ng'ombe, na kwa upande huo hakuna mtu wa kumnyooshea kidole. Lakini ndoa ya kanisani hawakufunga. Kila mwaka Mapendo alipouliza, Zéphyrin alijibu, "Tungoje mvua ipite kwanza." Sasa mtu anayekaa kwenye milima ya Masisi na kukuambia ungoje mvua ipite, huyo amekataa, ila ana adabu.

Basi Jumapili, komunyo ikifika, wamama wenzake walipanga mstari, na Mapendo, asiyeruhusiwa kupokea bila ndoa ya kanisani, akabaki kwenye benchi akiwapakatia watoto wao. Nusu ya watoto wa Lushebere, kijijini kwao, walipita kwenye mapaja yake kwa njia hiyo. Alikaa hapo miaka kumi na tisa, anatikisa watoto wa watu na kutazama migongo ya wenzake. Zéphyrin, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na mlango kama wanaume wengi, hakuona tatizo lolote.

Mwezi wa pili mwaka huu, Mapendo aliacha kuuliza. Akampigia simu baba yake huko Walikale, akampa tarehe. Kisha akamwambia mumewe, "Papa anakuja mu mwezi wa munane."

"Aje, karibu yake! Anakuja kufanya nini?"

"Kwa ndoa yetu."

Zéphyrin alikuwa na tonge la bugali mkononi. Lilikaa hapo hapo hewani muda mrefu. Kabla hajasema lolote kuhusu mvua, simu ikaita, na sauti ya Papa Benoît, baba yake Mapendo, ikajaza nyumba nzima. Alikuwa mkulima na mwindaji wa msituni, na simu aliiongelea kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

"Mukwe wangu! Nimesikia! Nitakuja! Lakini nitakuja mara moja tu, unasikia? Magoti yangu haina tena nguvu ya kupanda milima yenu mara mbili!"

Ndivyo Zéphyrin alivyojikuta ana arusi.

Palikuwa na mlango mmoja wa kupitia, na mlangoni hapo alikaa Papa Théophile, katekista. Papa Théophile alikuwa mwalimu mstaafu mwenye koti moja jeusi na daftari moja lenye maswali sitini, na kwa miaka thelathini hakuna aliyefunga ndoa parokiani bila kuyajibu. Mapendo aliyajua tangu ubinti wake. Zéphyrin alijua Baba Yetu, na Salamu Maria mpaka katikati. Mafundisho yalikuwa Jumanne na Ijumaa, saa tisa.

"Ni siku ya soko," Zéphyrin alimwambia.

"Ni siku ya Mungu," alijibu Papa Théophile, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mapendo ndiye aliyepata dawa. Jioni alisimamisha simu yake juu ya kopo la chumvi jikoni, akaazima daftari, akaanza kujirekodi. Alisoma swali mara mbili. Kisha akanyamaza, ili mumewe huko njiani apate nafasi ya kujibu kwa kinywa chake. Kisha akasoma jibu mara mbili. Tatizo lilikuwa kimya: kiwe kirefu kiasi gani? Saa ya ukutani ilikuwa imekufa zamani. Lakini alikuwa na beseni la viazi mbele yake, akaamua kwamba kimya kimoja ni kiazi kimoja. Swali, kiazi, jibu. Ukisikiliza vizuri ulisikia kisu kinavyomenya, halafu kiazi kinaanguka majini, *chubwi*, halafu ndipo jibu linakuja. Kijana mmoja wa Masisi centre anayeuza nyimbo akayahamisha yote kwenye flashi, na Zéphyrin akaichomeka kwenye redio ya Fuso.

Kilichopendeza ni kwamba hakuhitaji kugusa kitu. Barabara ile haitaki mkono uache usukani hata kwa kujikuna pua. Na redio yenyewe ilikuwa na tabia zake. Kitufe chake kilianguka siku nyingi, na fundi mmoja wa Sake alikuwa ameunganisha nyaya kwa namna ambayo yeye mwenyewe alishindwa kuieleza. Gari likitembea, redio inasema. Gari likisimama, redio inanyamaza, na likiondoka inaendelea pale ilipoachia. Ukizima injini, basi, inaanza upya toka swali la kwanza.

Na kwa kuwa barabara ile haina mwendo wa haraka wala wa polepole, ina mwendo mmoja tu ambao mashimo yenyewe yanaupanga, kila swali lilianguka mahali pake safari kwa safari. Swali la kwanza lilikuwa Lushebere, kwenye miti ya mikaratusi. La nane, kuhusu ubatizo, lilikuwa kwenye daraja la mbao. Amri kumi, swali la ishirini na mbili, zilikuwa Shimo la Mayai. La thelathini na moja, kuhusu kitubio, lilikuwa mbele ya kibanda cha Mama Bibiche anayeuza maziwa ya mgando. La arobaini na saba lilikuwa Mushaki. La sitini lilikuwa pale unapoanza kuona mabati ya Sake. Kurudi, abiria walidai muziki, na hiyo ilikuwa haki yao.

Kabini aliketi Mama Dusabimana, mfanyabiashara wa jibini, mwanamke mnene mwenye furaha na Mprotestanti wa kuzaliwa. Mara ya kwanza aliposikia sauti ya Mapendo inauliza sakramenti ni ngapi, aliuliza kama redio imeokoka. Mara ya tatu alianza kujibu. Kufikia mwezi wa tano alijibu kabla kiazi hakijamenywa nusu, na Zéphyrin akalazimika kumwomba amwachie hata moja.

"Jibu basi, kaka! Kiazi iko inaisha!"

Walioketi juu ya mizigo nao walisikia yote kupitia dirishani. Desturi yao ni ile ya siku zote: kupiga bati la kabini mara moja maana yake simama, mara mbili maana yake twende. Lakini sasa Zéphyrin akichelewa kujibu, walipiga mara mbili. Mungu ni nani? Kimya. *Ko-ko!* Na Zéphyrin anajibu haraka huku jasho linamtoka.

Jambo moja tu Mapendo hakulifikiria. Jiko la nyumba yenye watoto wanne haliko kimya. Kwa hiyo jibu kuhusu ubatizo lilikuwa hivi: ubatizo unatuondolea dhambi, unatufanya watoto wa Mungu, Chantal, fukuza mbuzi, iko inakula bunga. Jibu kuhusu kitubio lilikuwa na mambo matano, likamalizika kwa "na sabuni iliisha." Na kwenye amri ya sita, ile ya kukataza uzinzi, Mapendo alikuwa amecheka kidogo puani, anajua mwenyewe kwa nini, kisha akaendelea na ya saba.

Zéphyrin aliyashika yote, kwa kuwa mwanafunzi mwema hachagui. Sabuni aliinunua kila safari, maana kila safari mkewe alimwambia imeisha. Mapendo alidhani ni zawadi, akanyamaza. Kufikia mwezi wa saba, chini ya kitanda chao palikuwa na miche arobaini na tatu, na mingine kwenye sanduku la kabini.

Mtihani ulifanyika Jumatano, siku tatu kabla ya arusi. Zéphyrin alivaa shati jeupe. Papa Théophile alimkalisha kwenye kiti cha mbao katikati ya chumba kitupu, akafungua daftari, na, kwa kuwa alikuwa mtu wa hila kidogo, akaanza katikati.

"Swali la makumi tatu na moja. Ili upate kitubio chema, unapashwa kufanya nini?"

Zéphyrin alitazama ukuta. Ukutani hapakuwa na Mama Bibiche wala kibanda chake. Kichwani mwake palikuwa peupe pe! Akafumba macho, na mikono yake ikapanda yenyewe kushika usukani ambao haukuwapo.

"Unafanya nini?" aliuliza Papa Théophile.

"Ngoja, Papa. Niko naondoka Lushebere."

Akakanyaga klachi. Akatia gia. Kwa mdomo akaunguruma kidogo, kwa heshima ya mahali alipo. Midomo yake ilipita swali la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye daraja alipunguza mwendo. Kwenye Shimo la Mayai aliyumba kushoto na kiti chake chote, na alipofika amri ya sita akacheka puani. Papa Théophile akaandika kitu pembeni mwa daftari. Robo saa ikapita. Mwishowe Zéphyrin akainua mkono mmoja akasema, "Mama Bibiche, bonjour!" kisha akajibu kwa sauti safi:

"Kwanza kukumbuka zambi, pili kuzijutia, tatu kukusudia kuziacha, ine kuziungama, tano kutimiza malipizi, na sabuni iliisha."

"Sabuni gani?"

"Ya kwetu, Papa."

Papa Théophile alivuta pumzi. Alikuwa mtu wa haki, na mambo matano yalikuwa yametimia. "Sawa. Swali la munane."

"Hiyo tulishaipita, Papa. Iko kwenye daraja."

"Basi rudia nyuma."

Zéphyrin alifumbua macho kwa hofu ya kweli. "Marche arrière? Kinyumenyume na Fuso, mu mulima ile, na mizigo? Hapana, Papa. Afazali nianze tena Lushebere."

Papa Théophile alifunga daftari. Alisema kwamba katika miaka thelathini amefundisha walevi, viziwi na hata mwanasiasa mmoja, lakini hajawahi kuona mtu anaendesha gari mbele ya swali la Mungu na kuicheka amri ya sita. Arusi itangoja mwaka kesho.

Mapendo aliposikia hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Zéphyrin. Aliketi kitandani juu ya ile miche yote ya sabuni, akatazama mikono yake.

"Papa iko njiani," akasema. "Simu yake imekufa. Tukikosa siku ya posho, hii Jumamosi, hataweza kurudia tena, na unajua. Mie sitamwambia. Wewe mwenyewe njo utamwambia."

Papa Benoît aliwasili Alhamisi mchana, mgongoni mwa pikipiki, mwembamba, mrefu, na magoti yamevimba. Alikuwa amekumbatia dumu la asali ya msituni kwa siku tatu asiliachilie hata usingizini. Alimshika mkwewe mabega yote mawili akasema sasa anaweza kufa vizuri. Umwambieje mtu kama huyo? Zéphyrin alimwambia kwamba asali ni nzuri sana. Baadaye akamwambia tena.

Aliyeokoa mambo ni Mama Dusabimana. Alipita jioni kuomba nafasi ya jibini zake, akakuta nyuso za msiba, akaambiwa yote, akaenda moja kwa moja kwa katekista bila hata kutua kikapu.

"Papa Théophile, mie ni Muprotestanti. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Yoyote. Ile unapenda."

Alimuuliza kumi. Akajibu kumi, bila kusita, pamoja na mbuzi na sabuni. Papa Théophile akakaa chini. Miaka thelathini ya kazi, na mwanafunzi bora aliyepata kumwona ni wa kanisa jirani, amefundishwa na redio. Moyo wake ulimuuma na kufurahi kwa pamoja, jambo linalomchosha mzee.

"Yule muntu anajua," alisema Mama Dusabimana. "Lakini anajua mu barabara. Kesho iko siku ya soko. Panda mu motokari, umuulizie pale majibu iko."

Ijumaa asubuhi Papa Théophile akapanda, na koti lake jeusi, na daftari kwenye goti. Papa Benoît naye alitaka kuona mkwewe anavyofanya kazi, akakaa dirishani. Yeye aliambiwa tu kwamba katekista ana shughuli Sake. Mama Dusabimana aliachia kiti chake kwa moyo mweupe, akapanda juu ya magunia pamoja na wengine. Flashi ilichomolewa, ikawekwa mfukoni mwa koti jeusi. *Ko-ko*, wakaondoka.

Na hapo Papa Théophile aliona maajabu. Kwenye mikaratusi aliuliza la kwanza, likajibiwa. Kwenye daraja, la nane, likajibiwa, pamoja na mbuzi. Aligundua kwamba hata akikaa kimya majibu yanakuja yenyewe, kona kwa kona, na kazi yake ni kuweka alama tu. Kwenye Shimo la Mayai kicheko cha puani kilikuja mahali pake, na safari hii katekista, huku anarushwa hadi kugonga paa, akaelewa ni kicheko cha Mapendo. Papa Benoît alifikiri moyoni kwamba binti yake ameolewa na mtu wa sala nyingi, na kwamba huyu mzee wa koti ana udadisi uliopita kiasi.

Walifika Mushaki na alama arobaini na sita juu ya arobaini na sita. Lakini usiku mvua ilikuwa imenyesha, na pale kwenye mlima barabara iligeuka uji. Fuso likaingia mpaka ekseli. Likanguruma, likatetemeka, likazimika.

Wote waliteremka kusukuma. Papa Théophile alisema hasukumi, yeye ni mtihani. Mama Dusabimana akamwambia mtihani nao una mikono. Gurudumu lilipozunguka, lilimchagua yeye peke yake kati ya watu ishirini na wanne, likampaka matope toka upara mpaka viatu. Zéphyrin, kwa aibu, alikimbia kwenye sanduku la kabini akaleta sabuni. Alileta miche sita, na katekista wa miaka thelathini akaoshwa kando ya barabara kama mtoto, na wamama watatu, kwa maji ya mfereji.

"Kumbe sabuni iko kweli," alisema, povu likiwa sikioni.

Gari lilipotoka, bati likapigwa mara mbili. Papa Théophile, amelowa, akafungua daftari. "Arobaini na saba."

Zéphyrin akashika usukani, akafungua kinywa, akasema: "Mungu ni muumba wa mbingu na dunia."

"Hiyo ni ya kwanza."

"Najua, Papa."

"Tulikuwa ku arobaini na saba!"

"Papa, motokari ilizimika." Zéphyrin alibadilisha gia. "Ikizimika, inaanza toka mwanzo. Mie siwezi kuikataza."

Alijaribu. Alijaribu kweli, maskini. Lakini la kwanza lilikuwa na mikaratusi na hapa hapakuwa na mikaratusi, na la pili likamkimbia, na la tatu likaja bila kichwa. Mabati ya Sake yalianza kuonekana chini. Alisimamisha gari kando, mikono ikabaki usukanini. Papa Benoît aligeuka polepole.

"Mukwe wangu, hii ni mambo gani?"

Basi ikabidi aambiwe: mtihani, kiti, mwaka kesho. Zéphyrin mwenyewe ndiye aliyemwambia, kama Mapendo alivyotaka, na hakuacha kitu. Mzee alisikiliza yote. Kisha akatazama magoti yake, akayapapasa.

Papa Théophile aligeuza ukurasa wa mwisho wa daftari, uliokuwa umeshikamana kwa matope.

"Kuna ya sitini," akasema kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake. "Hii haina jibu mu daftari. Kila muntu anajibu yake. Ju ya nini unataka kufunga ndoa na huyu mwanamuke?"

Zéphyrin aliyatazama mabati. "Hii iko hapa hapa," akasema. "Hii iko mahali pake."

"Basi jibu."

"Mu flashi, Mapendo anauliza ile swali mara mbili. Kisha ananyamaza. Siku ya kwanza nilizania flashi iliharibika. Kisha nikasikia kisu. Anamenya kiazi, anatupa mu maji. Anamenya ingine. Swali zote za Mungu alizipatia kiazi moja moja, Papa, lakini hii aliipatia kumi na moja. Nimezihesabu miezi sita. Kisha anapumua, anasema, Zéphyrin, hii utajibu mwenyewe, mie niko nangoja. Na hapo tunafika Sake, nazima motokari, naenda kushusha maharagi."

Akafuta pua kwa mkono wa shati.

"Miaka kumi na kenda namuona pale ku benchi na watoto wa bantu. Nilizania anaikala tu. Kumbe alikuwa anangoja. Napenda hii mwanamuke, Papa. Sitaki angoje tena hata kiazi moja."

Papa Benoît alikuwa anatazama nje ya dirisha kwa bidii sana, ingawa upande ule palikuwa na ukuta wa udongo tu. Papa Théophile alitafuta kalamu kwenye koti lililolowa, akaipata, akaandika chini ya ukurasa: *arobaini na saba juu ya sitini, anapita*. Kutoka juu, Mama Dusabimana, aliyekuwa amening'inia na sikio dirishani tangu Mushaki, akapiga bati mara mbili kwa ngumi.

Arusi ilifanyika Jumamosi, na kanisa lilijaa mpaka madirishani. Abiria wa Jumanne na wa Ijumaa walikaa pamoja nyuma, Mama Dusabimana akiwa mbele yao na kitambaa cha kichwa kipana kuliko benchi. Papa Benoît alikaa mstari wa kwanza, dumu la asali kati ya miguu. Koti la Papa Théophile lilinukia sabuni.

Padri Jean-Bosco alimuuliza Zéphyrin kama anamtaka Mapendo awe mke wake, katika raha na taabu. "Ndiyo!" alijibu Zéphyrin, kabla taabu haijatajwa, na watu wakacheka.

Kisha padri akamgeukia Mapendo, akamuuliza naye.

Mapendo akanyamaza.

Alisimama wima ndani ya nguo yake nyeupe, macho mbele, mdomo umefungwa. Padri Jean-Bosco akaangalia kitabu chake, kama vile kosa lingekuwa humo. Papa Benoît alishika dumu kwa mikono miwili. Zéphyrin alihisi miguu yake inatafuta breki na haipati. Kichwani alisikia kisu, taratibu, kinazunguka kiazi, ganda linashuka refu bila kukatika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijua kungoja kunaumaje mtu.

Nyuma, mtu akashindwa kuvumilia. *Ko-ko!* Mama Dusabimana alikuwa amepiga benchi mara mbili.

Mapendo akacheka puani, kile kicheko chake cha amri ya sita. "Ndiyo," akasema. Kanisa zima likapiga vigelegele, na katika kelele hizo akainama kwenye sikio la mumewe, aliyekuwa anatoka jasho kama aliyesukuma Fuso peke yake.

"Ilikuwa kiazi moja tu," akamwambia. "Tena kadogo."